Aliyeita Msaada Asiadhibiwe: Historia ya Sheria Moja na Funzo Lake Kwetu

Katika miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nilipewa jukumu la ulezi wa bweni katika chuo ambacho sitakitaja. Alfajiri moja ya Jumapili, yapata saa kumi na moja, wanafunzi wawili waligonga mlango wangu. Mwenzao alikuwa amelala sakafuni tangu saa saba usiku, haamki, anapumua kwa taabu na ametapika. Walikuwa wamekunywa pombe kali iliyonunuliwa mtaani. Tulimkimbiza hospitali, akapona. Nilipowauliza wale wawili kwa nini walisubiri saa nne nzima, mmoja wao alijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tuliogopa barua."

Barua waliyoiogopa ni ile ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Na waliipata. Kanuni zilikataza pombe bwenini, nami niliandika taarifa kama nilivyotakiwa, nikatia sahihi. Wote watatu walisimamishwa masomo kwa muhula mmoja. Wakati ule niliona haki imetendeka. Kwa miaka miwili iliyofuata hakuna mwanafunzi aliyegonga mlango wangu usiku, nami nikajipongeza kwamba nidhamu imerejea. Ilinichukua muda mrefu kutambua somo nililolifundisha bweni zima: ukimwona mwenzako anakata roho, usimwite mtu.

Wako watu waliolijua tatizo hili mapema, wakalitafutia dawa katika sheria. Makala hii inaeleza walivyofanya, walivyofanikiwa na mahali walipokwama. Historia hiyo ni ya Marekani zaidi, na kidogo ya Kanada. Nitarudi nyumbani mwishoni, kwa maana sisi nasi tunao wafu wetu.

Sheria mbili zilizozaa hofu

Jina la "Msamaria Mwema" liliingia katika sheria za Marekani kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1959 jimbo la California lilitunga sheria ya kumlinda daktari anayesimama njiani kumsaidia majeruhi, ili asije akafunguliwa kesi ya madai iwapo mgonjwa atadhurika. Majimbo mengine yakafuata. Aliyelindwa alikuwa mtaalamu, mtu mwenye heshima zake, na alichoogopa ni kulipa fidia. Hakuna aliyemfikiria shahidi ambaye mwenyewe ana kosa mfukoni.

Shahidi huyo aliongezeka sana baada ya miaka ya 1980. Tarehe 17 Julai 1984 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyoyanyima majimbo sehemu ya fedha za barabara endapo yangewaruhusu vijana walio chini ya miaka 21 kununua pombe. Kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yametii. Tuseme ukweli: sheria hiyo ilikuwa na sababu nzito, kwa kuwa vijana wengi walikuwa wakifa barabarani kwa ajali za ulevi, na vifo hivyo vilipungua. Lakini vyuoni wanafunzi wengi wana umri wa miaka 18 hadi 20. Hawakuacha kunywa. Walifunga mlango wa chumba na kunywa humo, na kuanzia hapo kila aliyekuwa chumbani alikuwa mkosaji. Mmoja wao alipozidiwa, wenzake walikuwa na jambo la kuficha.

Sheria ya pili ilizaliwa na kifo cha kijana mmoja. Tarehe 19 Juni 1986 Len Bias, mchezaji nyota wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, alikufa kwa sumu ya kokeini akiwa na umri wa miaka 22. Siku mbili kabla alikuwa amechaguliwa na timu ya Boston Celtics. Alianguka bwenini, akiwa na wenzake, karibu na mapambazuko. Taifa lilishtuka. Spika wa Bunge wakati huo, Tip O'Neill, alikuwa mbunge kutoka eneo la Boston, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Katika miezi michache tu Bunge lilipitisha sheria kubwa ya dawa za kulevya, na Reagan aliitia sahihi tarehe 27 Oktoba 1986. Mtu aliyekamatwa akisambaza gramu 5 za kokeini ya mawe alistahili kifungo kisichopungua miaka mitano, adhabu ileile ya mwenye gramu 500 za kokeini ya unga. Na pale ambapo aliyetumia dawa hizo alikufa, aliyempatia alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20.

Msomaji aupime uzito wa kifungu hicho cha mwisho. Miongoni mwa watumiaji, mara nyingi anayekupatia dawa ni rafiki yako: mmenunua pamoja, mmegawana, mmeketi chumba kimoja. Ukizidiwa, mtu wa karibu kuliko wote, anayeweza kukuokoa, ndiye pia sheria inayeweza kumwita msambazaji. Kifo cha Bias kingeweza kuzaa swali hili: kijana akianguka, tufanye nini ili msaada uitwe upesi? Wabunge walijiuliza swali jingine: nani afungwe, na kwa miaka mingapi?

Dakika chache za kuamua

Ili kuielewa historia inayofuata, ni lazima kuelewa namna mtu anavyokufa. Heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni huupunguzia ubongo uwezo wa kuamrisha pumzi. Mtu husinzia, midomo hubadilika rangi, pumzi hupungua hadi kukoma. Kwa kawaida huchukua muda, na katika muda huo anaweza kurudishwa. Dawa inayomrudisha ipo: naloksoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971, ambayo humwamsha mtu katika dakika chache. Pombe nayo huua kwa njia inayofanana: mtu hupoteza fahamu, hutapika na kupaliwa na matapishi, au pumzi humwishia usingizini. Katika hali zote mbili, mwokozi wa kwanza ni yule aliyeketi naye.

Waliolielewa jambo hili mapema hawakuwa wabunge wala majaji. Mwaka 1996 mwanaharakati Dan Bigg na wenzake wa Chicago Recovery Alliance walianza kuwagawia watumiaji wa heroini naloksoni na kuwafundisha kuitumia. Wengi waliona ni wazimu kumpa "mteja wa unga" dawa ya hospitali. Hoja ya Bigg ilikuwa nyepesi: mtumiaji akizidiwa, daktari hayupo, mtumiaji mwenzake yupo. Lakini chupa ya naloksoni haikutosha. Mgonjwa aliyeamshwa anaweza kuzama tena dawa hiyo inapomwishia mwilini, hivyo bado anahitaji hospitali. Na mtu aliyepiga simu ya dharura, namba 911, hakujua atakayefika kwanza: muuguzi mwenye mtungi wa oksijeni au askari mwenye pingu.

Chuo kilitangulia bunge

Hatua ya kwanza iliyoandikwa vizuri ilichukuliwa chuoni. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell, jimboni New York, kilianzisha utaratibu wa kinga ya tiba. Mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyelewa kupita kiasi hatapelekwa kwenye kamati ya nidhamu kwa kosa la pombe, wala mgonjwa mwenyewe hatapelekwa. Badala yake, mgonjwa ataitwa kwa mazungumzo na mshauri wa afya.

Wapinzani walisema wanafunzi watakunywa bila woga. Watafiti wa chuo hicho walifuatilia, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo. Simu za kuomba msaada ziliongezeka. Wanafunzi waliosema hawakupiga simu kwa kuogopa kumponza mwenzao walipungua. Na wanafunzi waliozungumza na mshauri baada ya tukio waliongezeka kwa zaidi ya maradufu. Hili la mwisho ndilo ninalowaomba wenzangu wa kamati za nidhamu walitafakari. Utaratibu wa zamani ulimwadhibu mwanafunzi mara moja na kuachana naye. Kinga ilimfikisha mbele ya mtu wa kumsikiliza.

Ndipo jimbo la New Mexico likafuata, kwa sababu za uchungu. Wilaya ya Rio Arriba, kaskazini mwa jimbo hilo, kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu kabisa vya vifo vya heroini nchini Marekani. Mwaka 2001, chini ya Gavana Gary Johnson wa chama cha Republican, jimbo hilo lilimruhusu raia wa kawaida kumpa mwenzake naloksoni bila kuogopa mashtaka. Mwaka 2007, chini ya Gavana Bill Richardson wa Democratic, likawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kumkinga mpiga simu: anayeita msaada kwa ajili ya aliyezidiwa, na aliyezidiwa mwenyewe, hawatashtakiwa kwa kosa la kupatikana na dawa za kulevya kutokana na simu hiyo. Vyama viwili vinavyozozana karibu kwa kila jambo viliafikiana hapa, kwa kuwa majeneza hayakuchagua chama.

Jimbo la Washington lilifuata mwaka 2010, New York 2011. Michigan mwaka 2012 iliwakinga vijana walio chini ya umri wa kunywa pombe. Huko New Jersey, Gavana Chris Christie aliurudisha muswada kama huo mwaka 2012. Mwezi uliofuata, katika jimbo jirani la New York, binti wa mwanamuziki mashuhuri alizidiwa na dawa chuoni. Msaada uliitwa, akapona, na mashtaka yakafutwa kwa nguvu ya sheria mpya ya New York. Mei 2013 Christie alitia sahihi sheria ya New Jersey, na mwanamuziki huyo alikuwapo. Simlaumu mzazi yeyote kwa kutumia sauti aliyo nayo. Nasema tu kwamba wazazi wasio na jina walikuwa wamelia mbele ya ofisi zilezile kwa miaka.

Leo karibu majimbo yote ya Marekani yana sheria ya aina hii. Kanada iliitunga kwa nchi nzima tarehe 4 Mei 2017, kutokana na muswada binafsi wa mbunge Ron McKinnon wa British Columbia. Jijini Vancouver polisi walikuwa wametangulia kwa njia ya utaratibu tu: tangu mwaka 2006 walijiwekea kanuni ya kutokwenda, kwa kawaida, kwenye tukio la mtu kuzidiwa na dawa iwapo hakuna kifo wala vurugu, ili wahudumu wa gari la wagonjwa wafike peke yao.

Je, sheria hizi ziliokoa watu?

Jibu la uaminifu lina pande mbili. Mwaka 2021 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilichambua tafiti 17 na kuona mwelekeo wa vifo kupungua palipokuwa na sheria hizi, ikilinganishwa na kabla yake au na majimbo yasiyo nazo. Hata hivyo, vifo vya kuzidiwa na dawa kwa nchi nzima, vilivyokuwa karibu 17,000 mwaka 1999, vilizidi 106,000 mwaka 2021. Sababu kubwa ya ongezeko la miaka ya karibuni ni fentanili, dawa yenye nguvu mara nyingi kuliko heroini, inayoweza kuizima pumzi kabla hata simu haijatolewa mfukoni. Sheria ya kinga haiondoi sumu sokoni. Inachoweza ni kuondoa sababu moja ya kuchelewa.

Na hata hiyo haikuondolewa yote. Sheria nyingi zilimkinga mtu kwa kosa la kupatikana na dawa kidogo tu. Mwenye hati ya kukamatwa inayomsubiri, au anayetumikia adhabu nje ya gereza kwa masharti, mara nyingi hakukingwa. Wakati huohuo waendesha mashtaka katika majimbo mengi waliendelea kuwashtaki kwa kuua wale waliogawana dawa na marehemu, kwa sheria za mfano wa ile ya 1986. Hivyo mtu aliyesikia redioni "piga simu, hutashtakiwa" alisikia pia kwamba kijana wa mtaa wa pili amefungwa kwa kifo cha rafiki yake. Wanasheria wanaweza kueleza tofauti ya mambo hayo mawili. Mtu aliyepiga magoti saa tisa usiku kando ya mwili unaopoa hana mwanasheria. Anajiuliza kitu kimoja: nitafungwa au sitafungwa? Penye vighairi kumi, jibu analojipa ni kwamba atafungwa.

Yapo pia matatizo ya kutojua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliitathmini sheria ya jimbo lao muda mfupi baada ya kutungwa. Asilimia 88 ya watumiaji wa dawa za jamii ya afyuni waliohojiwa walisema kwamba, kwa kuwa sasa wanaijua sheria hiyo, wangekuwa wepesi zaidi kupiga simu. Maneno ya kuzingatia ni "kwa kuwa sasa wanaijua". Askari wengi waliohojiwa hawakuwa na habari nayo. Sheria inayobaki katika gazeti la serikali haimfikii mtu wa saa tisa usiku.

Nyumbani kwetu

Kuna atakayeuliza: haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu hofu ile ipo hapa, na ina historia yake.

Mwaka 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli. Mei 2014 makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa sumu ileile, na wapo waliopofuka. Methanoli ina tabia ya kuhadaa: dalili zake kali huweza kuchelewa kwa saa kumi na mbili au zaidi, na muda huo ndio tiba ingekuwa na manufaa makubwa. Anayejua kwamba pipa fulani lina kasoro ni mpikaji na muuzaji. Anayejua nani wamelinywa ni wanywaji. Wote hao, sheria ikiwatazama kama wakosaji tu, watanyamaza hadi macho ya wenzao yafifie. Kenya ilipoihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010 ilikuwa inakiri kwamba marufuku peke yake haikuwalinda wanywaji. Mwaka huohuo Katiba yake mpya, Ibara ya 43(2), ilitamka kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni maneno mazito. Lakini yanamlinda mgonjwa aliyekwisha kufika hospitalini. Nani amlinde anayembeba?

Tanzania nayo ina mambo mawili yanayovutana. Upande mmoja, mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, hatua ya mapema sana katika ukanda wetu. Mafanikio ya huduma kama hiyo yanategemea jambo moja: mtu anakuja mwenyewe, mchana kweupe, akiamini kwamba mlangoni atamkuta muuguzi. Upande wa pili, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imejengwa zaidi juu ya adhabu, na gongo bado ni haramu, kwa hiyo kila aliyeketi kwenye kilinge chake ana la kuficha.

Tena ipo fomu yetu ya polisi, PF3. Kazi yake halali ni kuhifadhi ushahidi wa majeraha. Katika vichwa vya wananchi imekuwa amri ya "polisi kwanza, hospitali baadaye". Nani kati yetu hajasikia habari za majeruhi aliyezungushwa kituoni huku damu ikimtoka? Jamii iliyozoea kupita kwa polisi ili ifike kwa daktari haiwezi kushangaa pale wenzake wa mlevi au mtumiaji wa unga wanapomlaza barazani na kutoweka gizani.

Yanayowezekana

Historia niliyoieleza inatuonyesha ngazi tatu, na ya kwanza haihitaji Bunge. Baraza la chuo linaweza, katika kikao kimoja, kuandika kwamba mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake, na huyo mwenzake pia, hawataadhibiwa kwa kosa la ulevi lililogunduliwa kwa sababu hiyo. Cornell ilifanya hivyo miaka mitano kabla ya New Mexico. Ngazi ya pili ni ya watumishi wa umma: kila mganga mkuu na kila mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuwaelekeza walio chini yake kwamba mgonjwa hutibiwa kwanza na fomu hufuata. Ngazi ya tatu ni ya sheria, nayo iandikwe kwa sentensi fupi ambazo kijana wa kidato cha pili atazielewa: kinga kwa aliyeita na kwa aliyezidiwa, kwa makosa ya kutumia na kupatikana na kiasi cha matumizi, na hata kwa rafiki aliyegawana naye. Mfanyabiashara wa dawa za kulevya na mwenye ukatili wasikingwe. Kisha itangazwe sokoni, kijiweni na bwenini, tusirudie kosa la Washington.

Najua hoja ya wenzangu: tukisamehe, tunaidhinisha. Nami niliiamini hoja hiyo kwa miaka. Lakini kinga hii haimwambii mtu kwamba alichofanya ni chema. Inaweka mambo katika mpangilio wake: kwanza apumue, kisha tumwonye. Marehemu haonyeki.

Wale vijana wawili walinifundisha jambo ambalo sikuwa tayari kujifunza. Waliogopa saa nne, lakini mwishowe walikuja, wakijua kitakachowapata. Hilo lilikuwa tendo la ujasiri kuliko yote niliyoyaona mwaka ule, nami niliandika taarifa ya kurasa mbili bila kulitaja hata kwa neno moja. Sahihi yangu siwezi kuifuta. Siku hizi, kila mwaka wa masomo unapoanza, nawapa wanafunzi wangu namba yangu ya simu na kuwaambia waipige saa yoyote, na kwamba sitauliza nani alinunua chupa. Kwangu mimi hiyo ni ahadi ya mtu mmoja tu. Ninachodai katika makala hii ni kwamba iwe kanuni ya chuo, na siku moja iwe sheria ya nchi.